Mkaanga Majivu na Pini ya Sita

Wifi yangu anakaanga majivu. Nalisema mapema usije ukaniona mzushi huko mbele. Anayachekecha kwanza, anayamwaga kwenye sinia ya chuma juu ya moto, kisha anayageuza kwa mwiko mrefu huku amekunja uso kama mtu anayeogopa kuunguza vitunguu. Ukimuuliza anapika nini, atakujibu bila hata kutabasamu, "Bushi za pampu." Kiwanda kizima kinamwita Mkaanga Majivu, na siku hizi anaitika.

Mimi ndiye ninayepima anavyovipika, kwa hiyo nina haki ya kusimulia. Tena nimeolewa na mdogo wake, na katika ukoo ule mke asiyejua kusema atakanyagwa. Mimi najua kusema.

Kiwanda chetu kinayeyusha alumini chakavu. Pistoni za injini, fremu za madirisha, birika zilizopasuka, vyote vinaingia kwenye tanuri kubwa na kutoka vikiwa sufuria na vifuniko. Wifi aliingia hapo akiwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yake kufagia ua. Nyuma ya ukuta kuna kiwanda cha sabuni kinachochoma makaa ya mawe, na majivu yake, laini kama unga wa ngano, yalikuwa yanaletwa na upepo na kujaa kila mahali. Kwa miaka minne alifagia majivu yale asubuhi, na jioni akayakuta yamerudi yanamsubiri. Aliyachukia kwa moyo wake wote.

Ikatokea siku moja mmiminaji mmoja mzembe akachomeka fimbo yake ya kukorogea kwenye rundo la majivu, kisha akaitumbukiza hivyo hivyo kwenye alumini iliyoyeyuka. Vifuniko vya siku hiyo vilitoka vibaya, vina mabaka. Wang'arishaji wakaja juu kwamba msasa unaisha na kifuniko haking'ai. Vikatupwa vyote. Mfagiaji akaokota kimoja akaenda nacho nyumbani.

Mume wangu, wakati huo kijana wa shule, anakumbuka vizuri. Dada yake alikaa kizingitini jioni nzima, kifuniko amekibana magotini, anakipiga tupa. Penye rangi ya kawaida tupa ilikula, penye mabaka iliteleza. Alifanya hivyo wiki nzima mpaka majirani wakaanza kuuliza kama ni mzima. Mwisho wa wiki akatangaza kwamba yale majivu aliyokuwa anayafagia yana ugumu ambao alumini haina, na kwamba yeye hafagii tena.

Alifagia, bila shaka, miaka mingine mingi. Lakini kila nafasi aliyoipata alijaribu. Chembe za majivu ni ngumu kuliko alumini yenyewe. Zikisambaa vizuri ndani yake, ndizo zinazobeba msuguano, na alumini laini inayozizunguka haiishi upesi. Kusema ni rahisi. Kuzisambaza ndiyo shughuli. Majivu hayapendi kuzama. Ukiyamwaga kwa pupa yanaelea juu kama povu la nguo, ukiyakoroga kidogo yanajikusanya madonge. Alijifunza kuyachekecha mara mbili, kuyatia kijiko kwa kijiko huku fimbo inazunguka bila kusita, kilo moja ya majivu kwa kilo tisa za alumini. Zaidi ya hapo chuma kinavunjika kama biskuti.

Na alijifunza kuyakaanga. Majivu hunywa unyevu wa hewa kimyakimya, na unyevu ukiingia kwenye alumini ya moto unageuka mvuke, mvuke unaacha vitundu, na chuma chenye vitundu hakifai hata kuzuia mlango. Ili kujua kama yamekauka alishika kioo kidogo cha mkononi juu ya sinia. Kioo kikifanya ukungu, bado. Kikibaki safi, tayari. Wanaume wa tanuri kubwa waliona mwanamke anakaanga majivu na kuyashikia kioo, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye aliendelea kugeuza.

Hatimaye akajijengea tanuri dogo pembeni mwa ua, kwa matofali mabovu yaliyong'olewa kwenye lile kubwa. Lilikuwa limeinama upande mmoja. Alilipenda kuliko jamaa zake wengi, na mimi nilijua kabisa niko upande gani wa hesabu hiyo.

Niliajiriwa chumba cha vipimo miaka sita baada ya ndoa yangu. Siku ya kwanza nikamsalimia kwa furaha, "Wifi, shikamoo!" Akaitikia marahaba, akanitazama kutoka utosini hadi viatuni, akasema, "Hapa hakuna wifi. Hapa kuna kazi. Wewe ni mpimaji." Basi kuanzia hapo nikawa mpimaji. Nyumbani je? Mpimaji. Kwenye ubatizo wa mwanangu mwenyewe? "Mpimaji, sogeza kiti." Ilinichoma, sitaficha.

Sasa, mkuu wetu wa kiwanda tunamwita Bwana Chaki, kwa sababu hawezi kupita mbele ya kitu bila kukiandika tarehe. Mashine ikiharibika anaichora tarehe ya kutengenezwa, ukuta ukipasuka anauchora tarehe ya kuzibwa. Si mtu mbaya. Ila tarehe ikishaandikwa, imeandikwa. Mwanzoni mwa mwezi ule wa mvua alisimama mbele ya tanuri dogo, akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye matofali: 30. Alihitaji nafasi ile kuweka mashine ya kukata mabati.

"Ukinipatia mnunuzi kabla ya hapo, libaki," alimwambia wifi. "Usipompata, tarehe thelathini linavunjwa, na wewe unahamia kung'arisha vifuniko."

Wifi alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwa miguu hadi kiwanda cha pampu za visima kilicho mwisho wa barabara yetu, akawaambia kwamba ana chuma kinachoweza kushika nafasi ya bushi zao za shaba. Bushi ni ile pete ambayo mhimili wa mkono wa pampu unazungukia ndani yake. Ikilika, mkono unalegea na maji hayapandi. Wakampa masharti. Atengeneze pini sita za chuma chake, unene wa kidole. Kila pini isuguliwe saa nzima kwenye sahani ya chuma cha pua inayozunguka, na isipungue zaidi ya miligramu ishirini. Alumini tupu, kwa taarifa yako, inapungua zaidi ya sitini.

Kwa hiyo kila kitu kikaja kuangukia kwenye chumba changu, juu ya mizani yangu ndogo yenye mlango wa kioo. Tanuri la yule mwanamke lilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakutaka kumwita wifi. Sikupanga ubaya wowote. Lakini naomba nikiri kwamba nilijisikia mkubwa.

Jumatatu nikapima. Kazi niliifanya kama nilivyofanya miaka yote: napangusa pini kwa kitambaa kikavu, napima, naisugua saa nzima, naisuuza kwa mafuta ya taa kuondoa ule unga mweusi, napangusa, napima tena. Pini ya kwanza ilipungua miligramu tatu. Nikadhani nimesoma vibaya. Ya pili moja, ya tatu mbili, ya nne haikupungua kitu, ya tano mbili. Ya sita ilikuwa imeongezeka miligramu mbili. Nikaandika zote, nikagonga muhuri, na pale penye ya sita nikaandika "haikulika," maana niliona kuongezeka ni kosa dogo la mizani.

Bwana Chaki alipoiona karatasi alipiga makofi peke yake chumbani. Akawapigia simu watu wa pampu, wakasema mnunuzi wao atakuja Alhamisi kutia sahihi. Habari ikazunguka ua. Wale wale walioshika mbavu wakaanza kujigamba kwamba walijua tangu mwanzo.

Wifi alikuja asubuhi ya Jumanne. Nilimngoja nikiwa nimenyoosha shingo, nikitegemea angalau asante. Alivaa miwani, akashuka na karatasi mstari kwa mstari, akafika ya sita.

"Hii imekula nini?" akauliza.

"Imekula nini vipi? Ni kosa la mizani, tena kwa faida yako."

"Mizani yako haijawahi kukosea miligramu mbili tangu uingie humu." Sijui kama ilikuwa sifa au shutuma. "Nipe hiyo pini."

Akainusa. Nilitamani kucheka, mtu mzima ananusa chuma, lakini uso wake haukuwa wa kuchekwa. Akaiweka juu ya lile jiko la umeme ninalochemshia maji ya chai, akawasha moto mdogo, akainama. Baada ya muda kidogo pini ile kavu ikaanza kutoa jasho. Vitone vidogo, kwenye ubavu wake wote, na chumba kikanuka mafuta ya taa.

Nikaelewa kabla hajasema. Miaka yote nilikuwa napima chuma kilichoshikamana, kisichonywa chochote. Pini hizi zilikuwa na vitundu. Zilisuguliwa, zikapungua kama kawaida, kisha mimi kwa mkono wangu nikazisuuza, zikanywa mafuta ya taa na kurudisha uzito zilioupoteza. Nilikuwa nimepima mafuta ya taa na kuyapigia muhuri.

Tukazikausha zote sita, tukazipima upya. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na sita. Hakuna hata moja iliyofika kwenye sharti.

"Vitundu vimetoka wapi?" niliuliza. "Si ulikaanga?"

Wifi alikaa kwenye kiti changu bila kuomba. "Nilitumia sinia kubwa," akasema. "Nilitaka kumaliza mara moja. Kioo nilikishika juu, kikawa safi. Chini majivu yalikuwa bado yana maji. Miaka yote hii, mpimaji, na siku ya maana nikatia majivu kina cha kiganja kama mtu anayelisha ng'ombe."

Sasa nitasema nilichokisema mimi, ingawa hakinipendezi. Nilisema, "Karatasi ina muhuri. Mnunuzi anakuja keshokutwa. Atie sahihi, wewe utatengeneza bushi nzuri baadaye, sinia ndogo, yaishe. Nani atajua?" Nilijiambia namwonea huruma yeye na tanuri lake. Ukweli nilikuwa naogopea muhuri wangu na kazi yangu.

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia. "Nitajua mimi," akasema, "na utajua wewe, na pampu itajua kabla ya mwaka kuisha." Akainuka. "Leo nakaanga. Kesho asubuhi namimina, mchana fundi wa kereza anachonga pini kwa mashine yake. Alhamisi saa moja asubuhi uwe hapa. Pini sita, saa sita."

"Na Bwana Chaki?"

"Naenda kumwambia sasa hivi. Nitamwambia majivu yangu yalikuwa mabichi."

Aliondoka, na kupitia dirishani nikamwona anakatiza ua kwa mwendo wake ule wa mtu anayekwenda kudai chake. Nilikasirika kwelikweli. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anakwenda kubeba kosa lake na kuliacha langu mezani, kimya, kama vile mimi ni mtoto. Nikavua koti la kazi, nikavaa tena, nikamfuata mbio. Nilimkuta keshafika kwenye neno "mabichi." Nikasema kwa haraka kabla moyo haujarudi nyuma, "Na mimi nilisuuza bila kukausha. Muhuri ni wangu."

Bwana Chaki alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akatoa chaki, akaizungusha vidoleni, akakosa pa kuandika. "Tarehe ni ile ile," akasema mwishowe.

Siku ile alikaanga kwenye sinia ndogo, tabaka jembamba, mara kumi na moja. Mimi, ambaye kazi yangu ni ya kukaa kitini, nilishika kioo. Tulikiweka juu, kisha akapitisha mwiko katikati na tukakiweka kwenye mfereji, chini kabisa. Moshi ulituingia machoni. Mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza, na labda ndiyo maana tulifanya kazi vizuri. Jumatano akamimina. Namna alivyotia majivu kijiko kwa kijiko, mkono mmoja unakoroga na mwingine unamwaga, sijawahi kuona utulivu wa aina ile kwa binadamu. Hakusali, hakujitia moyo. Alikuwa anajua anachofanya, na nikiwa nimesimama pale na mimi nikajua kwamba kitatoka.

Alhamisi saa moja asubuhi nilianza kusugua. Safari hii kila pini niliisuuza kabla na baada, nikaipasha moto, nikaiacha ipoe, ndipo nikapima. Ya kwanza ilipotoka sahanini wifi alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake kisogoni. Mizani ikatulia.

"Imepungua kumi na nne," nikasema.

"Imepungua!" Akapiga kofi moja kubwa. "Imepungua! Haya ndiyo maneno!" Nikaanza kucheka, kwa sababu katika kazi yangu yote sijawahi kuona mtu anashangilia kupoteza. Ya pili kumi na tatu, ya tatu kumi na tano, ya nne kumi na nne.

Mnunuzi alifika saa tano, pini ya tano inazunguka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililonyooshwa sana, na mkononi ameshika nakala ya karatasi yangu ya kwanza. Wifi akamweleza yote hapo hapo mlangoni, sinia, vitundu na mafuta ya taa, bila kupunguza. Mimi nikaongeza la muhuri. Bwana Chaki alisimama nyuma yetu akiutazama ukuta.

Mnunuzi hakufurahi hata kidogo. "Mama," akasema, "mimi nimeshawaambia wakubwa wangu kwamba chuma hiki hakiliki. Nimesimama kikaoni nikasema sifuri. Sasa nikirudi na kumi na nne nitaonekana vipi? Si ungekaa kimya tu?"

"Uje nikuonyeshe," akasema wifi.

Akampeleka kwenye meza ya fundi wa kereza, akabana pini ya zamani kwenye jiliwa, akampa nyundo mwenyewe. "Piga." Mnunuzi akapiga, si kwa nguvu, na pini ikakatika. Ndani ilikuwa imejaa vitundu kama mkate. Wifi akabana pini mpya iliyokwisha kupimwa. "Piga." Akapiga. "Piga basi, baba, hujala?" Akapiga mara tano mpaka shati likamtoka suruali, na pini ikainama kidogo tu, ikabaki nzima.

"Ile ya sifuri ndiyo uliyoivunja," wifi akasema. "Hii ndiyo ya kumi na nne. Chagua utakayoifunga kwenye pampu, halafu uwaambie wakubwa wako."

Mnunuzi aliokota vipande viwili vya ile iliyovunjika, akavitia kwenye mfuko wa shati. Akarudi chumbani kwangu, akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine kuingoja pini ya tano, na baada yake ya sita, saa nzima na zaidi, bila kunywa hata maji. Ya tano kumi na tatu. Ya sita niliikausha mara mbili, nikaifungia ndani ya kioo cha mizani. Kumi na nne.

"Bushi mia mbili za kuanzia," akasema, akitafuta kalamu. "Na kila mzigo uje na karatasi ya mpimaji huyu huyu. Mtu akishakosea na muhuri wake namna hiyo, harudii."

Nikampa kalamu yangu. Alikuwa amesema kweli.

Alipoondoka, Bwana Chaki alitangulia mpaka kwenye tanuri dogo. Ile 30 ilikuwa bado pale kwenye matofali, nyeupe, mvua haikuifikia kwa sababu ya kibati cha juu. Akasema tu, "Haya, ifuteni," akaenda zake haraka, nadhani akitafuta kitu kingine cha kuandika.

Wifi alichomoa kitambaa kiunoni. Miaka mingi ya kufagia, kupiga tupa na kuchekwa ilikuwa imesimama mbele yake imeinama upande mmoja, na alichotakiwa kufanya ni kupitisha mkono. Alikitazama kitambaa, kisha akaninyooshea mimi.

"Wifi," akasema, "futa wewe."

Machozi yalinitoka, na nikayasingizia majivu. Nikafuta ile 30 mpaka matofali yakabaki na rangi yake. Nilipogeuka kumrudishia kitambaa chake, alikuwa ameshapiga magoti kwenye rundo la majivu, anajaza sinia ndogo, na ananiagiza nikalete kioo.